Kutafuta mimba ukiwa na PCOS na mume yuko kambini

Nawaandikia wanawake wenye PCOS, hali ya homoni inayolifanya yai litoke kwa nadra au lisitoke kabisa, ambao waume zao hawalali nyumbani kila siku: wake wa askari, wa madereva wa malori ya Juba, wa walinzi waliokwenda Uarabuni. Mimi ni mke wa askari. Nimekulia Bombo, Uganda, kwa Wanubi wenzangu, na sasa nina kibanda cha mobile money karibu na lango la kambi, kwa hiyo habari za wake wenzangu huzisikia kabla hata hawajatoa pesa.

Ushauri unaozunguka mitaani ni wa mtu mwenye mume wa kudumu na hedhi ya kuhesabika. Hesabu siku ya kumi na nne, kutaneni, ngoja majibu. Mwenye PCOS siku ya kumi na nne hana. Anaona siku zake Januari, anakaa kimya mpaka Aprili, mwezi wa Mei zinamjia mara mbili. Mume akija likizo ya wiki mbili, yai linaweza kuwa halijatoka tangu Krismasi, na wote wawili watajichosha bure, kisha akirudi kambini maneno ya wakwe yanabaki na mwanamke.

Kwa hiyo acha kubahatisha siku. Hakikisha kwanza kwamba ni PCOS kweli, mpimwe wote wawili, halafu daktari akusaidie kulitoa yai wakati mume yupo. Dawa zenyewe ni za kawaida. Kazi kubwa ni kupanga.

Kama ni PCOS kweli

Siku hizi kila mwenye hedhi ya kuchelewa anaambiwa ana PCOS, hata na muuza majani. Madaktari wanatumia vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam mwaka 2003: uwe na mambo mawili kati ya matatu. Kwanza, yai halitoki au hutoka kwa nadra, na utalijua hilo kwa hedhi inayopitisha siku 35 au isiyofika mara nane kwa mwaka. Pili, homoni za kiume zimezidi, ama kwa kipimo cha damu ama kwa macho: ndevu kidevuni, nywele kifuani, chunusi zisizoisha ukiwa mtu mzima. Tatu, ovari zina vijifuko vingi vidogo kwenye picha ya ultrasaundi. Vijifuko hivyo si uvimbe. Ndimo yalimo mayai yaliyoanza kukua yakakwama njiani, kwa hiyo anayekuambia atakusafisha vitoke anataka pesa yako. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2023 imeongeza kwamba kwa mtu mzima kipimo cha damu kiitwacho AMH kinaweza kushika nafasi ya picha.

Usijione wa peke yako. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa ana hali hii, na wengi wao hawajui.

Kwangu mimi dalili ya kwanza ilikuwa shingo. Kwa nyuma palikuwa na weusi mzito na ngozi imenenepa kidogo. Mama alidhani sikogi vizuri, akaninunulia kyangwe kipya, yaani dodoki la kusugulia, sokoni, akasimama mlangoni mwa bafu kuhakikisha nasugua. Weusi ule hautoki kwa kyangwe wala kwa krimu. Unatokana na insulini kuzidi mwilini, na insulini hiyohiyo ndiyo inayoichochea ovari kutengeneza homoni za kiume na kulikwamisha yai. Ukiuona kwako, au kwenye makwapa, mwambie daktari, hata kama amekuuliza habari za hedhi tu.

Kabla hujakubali kwamba ni PCOS, kumbuka sindano ya uzazi wa mpango. Wengi wetu tumechoma Depo, au tunajidunga Sayana Press wenyewe nyumbani. Ukiacha, hedhi inaweza kukaa miezi bila kurudi na usiwe mgonjwa. Karibu nusu ya wanawake wanaoiacha Depo ili wazae hushika mimba ndani ya miezi kumi tangu sindano ya mwisho, wengine huchelewa zaidi ya hapo. Daktari atataka pia kupima mimba yenyewe, maana mtu aliyezoea kukosa siku zake anaweza kuwa na mimba ya miezi minne na hajui, na atapima tezi ya shingo na homoni ya prolaktini, kwa sababu hizo nazo zikiharibika huzuia yai. Mwombe na kipimo cha sukari kile cha kunywa glukosi gramu 75 na kurudia damu baada ya saa mbili. PCOS na kisukari ni majirani, na ni afadhali uijue sukari yako kabla ya mimba.

Kanuni ya kungoja mwaka mmoja ndipo uende hospitali, au miezi sita kama umefika miaka 35, ni ya wenye hedhi inayokuja kwa utaratibu. Wewe nenda sasa. Anzia kituo cha afya ngazi ya nne, maana ngazi ya pili na ya tatu mara nyingi utakutana na nesi au afisa wa kliniki, na hili ni la daktari. Akishindwa atakuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Pale Mulago, Kampala, ipo hospitali maalumu ya wanawake na watoto wachanga yenye vitanda 450, iliyofunguliwa mwaka 2018, na shida za kukosa mimba ni sehemu ya kazi yao.

Picha

Mimi nilipiga picha Wandegeya, kwenye jengo ambalo chini wanauza kuku wa kuchoma, na harufu inapanda mpaka kwenye foleni ya watu wasiotakiwa kula. Dada wa mashine alikigeuza kioo upande wangu, akaweka kidole kwenye ukingo wa ovari. Viduara vyeusi vimejipanga pembeni, vyote vya ukubwa mmoja. "Unaona? Wote wanangoja, hakuna anayetoka," akasema, kisha akaendelea kupima kwa kipanya cha mashine kana kwamba hajasema kitu.

Picha ya juu ya tumbo inataka kibofu kijae, kwa hiyo utakunywa maji mpaka ulaani. Picha ya kupitia ukeni huona vizuri zaidi, na kabla ya hiyo unakojoa kwanza. Unaweza kuomba mpimaji mwanamke, si kosa, na kama hujawahi kukutana na mwanaume usikubali ya ndani. Hakikisha karatasi inaandika idadi ya vijifuko na ukubwa wa kila ovari. Kwa mashine za kisasa kinachotazamwa ni vijifuko 20 au zaidi kwenye ovari moja, au ovari yenye ujazo wa mililita 10 kwenda juu. Karatasi inayosema tu kwamba ovari ni kubwa haimsaidii daktari.

Afande naye apimwe

Hapa ndipo ndoa nyingi zinapokwama, na hapa sitapita haraka.

Mume wangu ana kijana aliyemzaa kabla yangu, yuko kwa bibi yake kule Yumbe. Nilipomtajia kipimo cha mbegu kwenye simu alicheka mpaka wenzake wakamuuliza kuna nini. "Mimi? Si unamjua yule kijana? Hata meno ni yangu."

"Afande," nikamwambia, "bunduki uliyoikagua mwaka ule, leo huikagui tena?"

Akanyamaza. Nilisikia upepo wa Moroto, ilipo kambi yake, kwenye simu. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kipimo chenyewe wanachukuaje.

Mtoto wa zamani hasemi chochote kuhusu mbegu za leo. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa na kukomaa, kwa hiyo homa kali ya malaria aliyougua miezi miwili iliyopita inaweza kuonekana kwenye majibu ya leo. Waragi, sigara na dawa za kukuza misuli zenye homoni ya kiume zote zinaharibu, na hizo za misuli zinaweza kuzimaliza mbegu kabisa ingawa mwanaume mwenyewe anajiona simba. Wanandoa wanaokosa mtoto, karibu nusu yao tatizo liko kwa mwanaume, ama peke yake ama pamoja na la mwanamke. Kuwa na PCOS hakumwondoi mume kwenye orodha. Ukianza vidonge bila kumpima, unaweza kumaliza mwaka mzima ukitoa mayai mazuri yasiyo na wa kuyapokea.

Kipimo chenyewe: akae bila tendo la ndoa siku mbili hadi saba, si zaidi. Achukulie pale maabara, au nyumbani kama mnaweza kukifikisha chupa ndani ya saa moja, nayo ikae karibu na mwili isipoe. Asitumie sabuni, mate wala kondomu ya kawaida. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021, mpaka wa chini ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na zinazotembea asilimia 42. Yakitoka chini ya hapo asianze kulia wala kukimbilia kwa mganga. Mara nyingi hurudiwa baada ya miezi mitatu. Mfanye hivi kwenye likizo inayotangulia ile mnayoipanga kwa mimba. Likizo hiyohiyo pimeni pamoja HIV, kaswende, homa ya ini ya B na seli mundu. Uganda watu wapatao 13 katika kila 100 wanabeba chembe ya seli mundu bila kuumwa, na wabebaji wawili wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa.

Mirija

Yai likitoka na mirija imeziba, ni kazi bure. Kwetu huku mirija huharibiwa zaidi na maambukizi ya zamani: kisonono au klamidia isiyotibiwa, uchafu baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika. Kama una historia hiyo, omba kipimo cha mirija, kile cha kuingiza dawa kwenye kizazi na kupiga eksirei, kabla ya kuanza vidonge vya kutoa yai. Hufanywa damu ikishakauka, kabla ya siku ya kumi na mbili hivi. Kinauma. Meza dawa ya maumivu saa moja kabla, na nenda na mtu wa kukurudisha.

Sahani

Kama una uzito wa ziada, kupunguza asilimia 5 tu kunaweza kuirudisha hedhi. Kwa mtu wa kilo 80 hizo ni kilo nne. Wapo wenye PCOS ambao ni wembamba, hao wasijinyime kula kwa sababu ya maneno ya watu.

Hakuna chakula kimoja kilichothibitika kuwa dawa ya PCOS, na miongozo inasema hivyo waziwazi. Shida yetu Uganda iko kwenye mpangilio wa sahani. Ukienda kwenye sherehe unapakuliwa matoke, wali, posho (ugali), muhogo na kiazi kitamu, vyote vinaitwa chakula, kisha kijiko kimoja cha mchuzi juu. Mimi nilichagua: aina moja ya wanga kwa mlo, isiyozidi ngumi yangu, nusu ya sahani mboga za majani kama dodo, nakati au kabichi, na iliyobaki maharage, mukene (dagaa) au yai. Rolex, yale mayai ya kukaanga yanayoviringishwa ndani ya chapati, nikaila bila chapati, muuzaji akanicheka, sasa ananikaangia bila kuuliza. Soda niliacha siku moja. Sukari ya chai ndiyo iliyonitesa, kwa sababu kibandani kila mteja mkubwa hukununulia chai kama asante.

Mwendo nao unahesabika: dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi, yaani nusu saa siku tano. Anayekaa kwenye kiti toka asubuhi mpaka usiku kama mimi ashuke boda kabla ya kufika. Kulala usingizi wa kutosha ni sehemu ya tiba vilevile. Anza na asidi ya foliki mapema, mikrogramu 400 kwa siku, angalau miezi miwili mitatu kabla ya kujaribu. Mwenye uzito mkubwa au kisukari anaweza kuandikiwa ya miligramu 5.

Vidonge na hesabu ya likizo

Metformini ni dawa ya kisukari, nayo huwasaidia baadhi yetu kwa kuishusha insulini. Huanza na miligramu 500 na kupanda taratibu. Imeze katikati ya chakula, la sivyo utakuwa mwenyeji wa choo. Kwa Waislamu, mwezi wa Ramadhani muulize daktari jinsi ya kuigawa kati ya futari na daku.

Ya kulitoa yai ni letrozoli. Mwaka 2014 yalitoka majibu ya utafiti wa Marekani kwa wanawake 750 wenye PCOS: waliopewa letrozoli, 27.5 katika kila 100 walizaa mtoto hai, na waliopewa klomifeni 19.1. Tangu hapo letrozoli ndiyo inayoanzwa nayo. Karatasi ya ndani ya boksi itakuambia ni dawa ya saratani ya matiti, usishtuke ukadhani umefichwa ugonjwa. Ni kweli ni ya saratani, na hutumika na kwa kazi hii. Humezwa siku tano tu, kwa kawaida siku ya tatu hadi ya saba ya hedhi, ikianzia miligramu 2.5, na daktari anaweza kupandisha hadi 5 au 7.5 kama yai halijatoka. Klomifeni, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Clomid, bado inasaidia, lakini duka la dawa litakuuzia bila kukuuliza hata swali moja. Usiimeze kwa ushauri wa rafiki. Zote mbili zinaweza kuleta mapacha, Clomid zaidi, na kuitwa Nalongo, mama wa mapacha, ni heshima kubwa lakini mimba ya mapacha ina hatari zake.

Sasa hesabu. Mwenye hedhi isiyokuja, daktari humpa projesteroni ya kuiita, na ya kawaida huku ni Primolut N. Kipimo cha mimba kwanza, kila mara. Damu huja kama siku mbili hadi saba baada ya kidonge cha mwisho. Yai nalo hutoka kama siku tano hadi kumi baada ya letrozoli ya mwisho. Tuseme likizo yake, pasi kama wenyewe wanavyoiita, ni tarehe 10 hadi 24 Agosti. Ukimeza Primolut N siku kumi, kuanzia tarehe 19 hadi 28 Julai, damu itakuja kati ya tarehe 30 Julai na 4 Agosti. Ikija mapema, letrozoli ni tarehe 1 hadi 5 na yai ni kati ya 10 na 15. Ikichelewa, letrozoli ni tarehe 6 hadi 10 na yai kati ya 15 na 20. Kwa vyovyote mume yupo nyumbani. Ndiyo maana namwambia kila mke wa askari: taka tarehe ya likizo mwezi mmoja kabla, na siyo ile ya "nitakuja wiki ijayo nikipata gari". Damu isipokuja wiki mbili baada ya Primolut N, pima mimba tena na urudi kwa daktari.

Akishafika, kutaneni kila baada ya siku moja, au kila siku mkitaka. Mbegu huishi mpaka siku tano ndani ya mwanamke, yai halimalizi siku nzima. Hakuna haja ya kuinua miguu ukutani wala kuahirisha kuoga.

Siku ya kumi na mbili hivi ya mzunguko piga picha tena. Kijifuko kilichofika milimita 18 hadi 20 kinakaribia kutoa yai. Vikiwa vikubwa vitatu au zaidi, daktari atakuambia mkae mbali mwezi huo, na umtii hata kama likizo inaisha kesho. Siku saba baada ya yai kutoka, kipimo cha projesteroni kwenye damu huthibitisha. Kile cha siku ya 21 wanachokupa bila kuuliza hedhi yako ni cha wenye mzunguko wa siku 28, kwako kinaweza kusema hakuna yai kumbe bado linakuja. Vijiti vya mkojo vya kutafuta siku ya yai navyo sivipendi kwetu, maana homoni vinayoisaka mara nyingi iko juu kwa wenye PCOS wakati wote. Vitakuonyesha mistari miwili wiki nzima.

Jambo lililotusaidia kuliko yote ni hili. Nilimwomba daktari tujaribu dozi mwezi ambao mume hayupo. Alishangaa kidogo, kisha akakubali. Miligramu 2.5 haikufanya kitu, picha ilionyesha viduara vilevile. Mwezi uliofuata 5, na kijifuko kimoja kikatangulia wenzake. Mume alipokuja likizo hatukuwa tunaijaribu dawa, tulikuwa tunaitumia. Mwenye likizo moja au mbili kwa mwaka hawezi kuipoteza kwa dozi isiyofaa. Binti yetu sasa anasoma nasari, na kwa baba yake Yumbe wanasema amefanana na kaka yake.

Wenye waume Somalia, ambako mtu hukaa muda mrefu bila kurudi, waulize kliniki za uzazi za Kampala kuhusu kugandisha mbegu kabla hajaondoka. Ni gharama, ila ipo. Na Moroto si Somalia. Mabasi yapo, na nyumba za kupanga karibu na kambi zipo. Mwezi ambao hedhi yako imekuja yenyewe, funga begi.

Mizunguko kama sita ya vidonge ikipita bila mimba na yai linatoka, usiendelee kumeza. Kuna sindano za homoni, kuna upasuaji mdogo wa kutoboa ovari kwa kamera, na kuna kupandikiza, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kurudishwa kizazini. Uganda mtoto wa kwanza wa kupandikizwa alizaliwa 2004, kwenye hospitali ya Bukoto. Mwenye PCOS akidungwa sindano hizo ovari zake zinaweza kufura kupita kiasi: tumbo likijaa ghafla, ukatapika, pumzi ikabana au mkojo ukapungua, ni hospitali usiku huohuo. Na yule mama wa miaka 70 aliyejifungua mapacha Kampala mwaka 2023 asikufanye useme bado una muda. Alitumia mayai ya mtu mwingine.

Maneno ya watu

Mama mkwe ataleta majani ndani ya kavera, ule mfuko wa plastiki. Pokea kwa mikono miwili, shukuru, uyaweke. Dawa ya kienyeji ukiichanganya na letrozoli hakuna anayejua unameza nini, na emmumbwa, yale mabonge ya udongo na dawa za miti, ni afadhali umuulize mkunga kwanza. Akitajwa mke wa pili, mwachie mwanaume ajibu, na akishindwa kujibu hilo ni jambo lenu la nyumbani, si la ovari. Ukiona hulali, unalia kila ukiona damu, mwambie nesi. Huzuni na wasiwasi vinawapata wenye PCOS kuliko wengine, na vina matibabu.

Kipimo kikionyesha mistari miwili

Letrozoli haimezwi tena. Metformini usiiache wala kuiendeleza kwa akili yako, uliza. Wiki ya saba piga picha kuona mimba iko ndani ya kizazi na ni ngapi. Nenda kliniki mapema, usingoje tumbo lionekane, na mwambie mkunga una PCOS, maana presha na sukari ya mimba hutupata zaidi. Kipimo cha glukosi kirudiwe kati ya wiki 24 na 28, na kama sukari ilipanda, tena wiki sita hadi kumi na mbili baada ya kujifungua. Baada ya hapo usidhani PCOS itakukinga: yai linaweza kutoka kabla hujaona damu yoyote, kwa hiyo mzungumze uzazi wa mpango mapema.

Karatasi zenye dozi, tarehe na vipimo vyako ziweke pamoja na kadi ya kliniki. Sisi tunamtafuta wa pili likizo ya Desemba, na daktari ameanzia hapohapo kwenye miligramu 5, baada ya kumrudisha afande maabara kwanza.